Chombo Ukutani

Katika pwani ya kusini, tokea Kilwa hadi Mikindani na Msimbati, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini, ambako watu tangu dahari wamepata riziki, elimu na habari za mbali kwa njia ya maji, si ajabu kwamba chombo kimekuwa sura ya maisha ya insi. Lililo ajabu ni namna sura hiyo ilivyochorwa.

Katika kuta za chokaa za Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vimo vyombo vilivyokwaruzwa kwa ncha kali, aghalabu vya tanga la mraba, la zamani kuliko tanga la pembetatu tulijualo leo. Ukivitazama kwa karibu utaona mkono wa mchoraji umepita upesi ubavuni, mstari mmoja ukatosha. Lakini ulipofika kwenye mlingoti, foromali na kamba ulitulia, ukachora uzi baada ya uzi, kama mkono wa mtu aliyewahi kuzivuta. Bahari yenyewe hakuihangaikia.

Mmarekani Thomas Cole, ambaye mwaka 1840 alimaliza picha nne za safari ya maisha, alishika njia nyingine. Mtoto mchanga, kijana, mtu mzima na mzee wamo kwa zamu katika mashua ile ile, juu ya mto, chini ya ulinzi wa malaika. Na katika picha ya tatu, maji yanapochafuka, usukani umekwisha potea, msafiri hana la kufanya ila kuomba. Ni kazi yenye haiba kubwa, walakini mto wake huenda upande mmoja tu.

Baharia wa kwetu hakufunzwa hivyo. Kaskazi huvuma toka Desemba hadi Machi, kisha kusi hushika zamu toka Aprili hadi Septemba, na chombo kilichokwenda kwa upepo huu hurejea kwa upepo ule; baina ya hizo mbili nahodha hungoja bandarini, akitia kalafati na kushona tanga. Kwa hiyo mimi huona katika kamba zile za ukutani wasifu wa maisha ambayo ndani yake kungoja ni kazi, kurejea ni sehemu ya safari, na upepo, ujapokuwa wa Mungu, humtaka mtu awe na kamba thabiti mkononi. Mjerumani Caspar David Friedrich, mzaliwa wa bandari ya Greifswald, yu karibu nasi zaidi: yapata mwaka 1835 alichora watu watano wa rika mbalimbali ufuoni, na vyombo vitano mbele yao, kila nafsi na chombo chake.

Magofu ya Kilwa na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakahesabiwa miongoni mwa yaliyo hatarini toka 2004 hadi 2014, na hata sasa chumvi na mvua hazijaacha kuila chokaa. Natamani kwa dhati walimu wa sanaa wa Mtwara wawapeleke wanafunzi wao huko na karatasi na kalamu, wainakili michoro hiyo kamba kwa kamba, maadamu ingali inaonekana.