Je, Wajua? Kamusi ya Historia Ipimwe kwa Herufi ya M

Je, wajua kwamba kamusi ya kwanza ya historia ya Kenya haikuchapishwa Nairobi, wala katika mji wowote wa Afrika? Iliandikwa na Profesa Bethwell Allan Ogot, yule mwanahistoria wa Gem aliyetutoka Januari 2025, na kampuni ya Scarecrow Press ikaitoa mwaka 1981 huko Metuchen, New Jersey. Toleo la pili lilifuata mwaka 2000 na la tatu mwaka 2014. Jalada nalo likabadilika: jina la Ogot liliondoka, wakaingia Robert Maxon na Thomas Ofcansky, Wamarekani wote wawili. Si wageni wa mambo yetu. Maxon ni mmoja wa watatu walioandaa mwongozo wa Nyaraka za Kitaifa za Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Chuo Kikuu cha Syracuse kujipatia nakala za mikrofilamu za nyaraka hizo. Naam, mwanafunzi wa Syracuse, katika baridi ya jimbo la New York, aliweza kusoma ripoti za ma-DC wa Kenya bila kupanda ndege.

Matoleo hayo matatu ndiyo yanayomfanya mkutubi wa chuo kikuu akune kichwa. Kitabu cha marejeleo kutoka ng'ambo hununuliwa kwa dola, na bajeti ya maktaba haiongezeki kwa sababu dola imepanda. Toleo jipya linunuliwe? La zamani litolewe rafuni? Vigezo vinavyofundishwa darasani vinajulikana: nani ameandika, lini, kwa ajili ya nani, faharasa ikoje, vyanzo vimetajwa au havikutajwa. Vyote vina maana. Lakini ipo njia ya mkato: fungua kidahizo kimoja unachokijua vizuri wewe mwenyewe, ukisome kama mtu anayehesabu chenji ya matatu.

Herufi ya M

Kwa kitabu chochote kinachodai kueleza historia ya Kenya, mimi ningeanza na Mau Mau, tena na swali moja tu: walikufa wangapi?

Ripoti rasmi ya F. D. Corfield, iliyotolewa na serikali ya kikoloni mwaka 1960, ilitaja wapiganaji 11,503 waliouawa. Tazama usahihi wa tarakimu hiyo, kana kwamba kila maiti msituni ilipewa risiti. Mwaka 2005 David Anderson, aliyepekua kumbukumbu za mahakama, alionyesha kwamba watu 1,090 walinyongwa, na akakadiria waliouawa kuwa zaidi ya 20,000. Mwaka huohuo Caroline Elkins aliandika kwamba Wakikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani waliko, na kitabu chake kikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2006. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker alirudi kwenye sensa za zamani, akapiga hesabu upya, na kupata vifo vya ziada vipatavyo 50,000, karibu nusu yao watoto wa chini ya miaka kumi.

Ubishi ulikuwa bado haujapoa pale, mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London ilipoilazimisha serikali ya Uingereza kukiri kwamba ilikuwa imeficha faili za Kenya zipatazo 1,500, katika masanduku 300, kwenye jengo la Hanslope Park. Zilikuwa zimesafirishwa kimyakimya wakati wa Uhuru. Mwaka 2013 serikali hiyo ilitamka majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa wadai 5,228.

Kwa hiyo kidahizo kinachotoa idadi moja kavu, bila kusema nani alihesabu na kwa njia gani, kimefeli. Kinachotoa idadi tatu au nne pamoja na wenyewe waliozitoa kimefaulu, hata kama msomaji atatoka amechanganyikiwa kidogo. Kuchanganyikiwa kwa namna hiyo ni elimu.

Na kuna jambo ambalo hata walimu wa historia hulisahau. Marufuku ya Mau Mau iliyowekwa mwaka 1950 haikufutwa hadi 2003. Maana yake, kamusi ya Ogot ya 1981 na toleo la pili la 2000 zote zilichapishwa wakati Mau Mau bado ni kundi haramu katika sheria za Kenya. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, pale Kimathi Street ilikuja baadaye, 2007, na mnara wa kumbukumbu katika Uhuru Park 2015. Mwaka wa kuchapishwa ni sehemu ya habari yenyewe. Usome kabla ya dibaji.

Herufi ya S

Sasa panda gari uelekee Kileleshwa, barabara ya Laikipia. Katika mtaa huo wa miti na maghorofa mapya wanakaa majirani wawili ambao watafiti huwafahamu kuliko wapita njia: Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, na ile ya Wafaransa iitwayo IFRA. Taasisi ya Waingereza imekuwa na jarida lake, Azania, tangu 1966, na maktaba yake ni hazina ya mambo ya kale ya mwambao.

Wajua kwa nini hilo linamhusu mnunuzi wa vitabu? Kwa sababu kidahizo cha Waswahili (Swahili) huonyesha umri wa kitabu kama meno yanavyoonyesha umri wa ng'ombe. Neville Chittick, aliyeiongoza taasisi hiyo na kuchimba Kilwa katika miaka ya 1960, aliitazama miji ya mwambao kama kazi ya walowezi kutoka ng'ambo ya bahari. Baadaye Mark Horton alichimba Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe alama za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8, katika mji ulioanza kwa nyumba za udongo na vyungu vya kienyeji. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba naye akasukuma hoja hiyohiyo: miji hii ilizaliwa hapahapa. Vitabu vikaandikwa upya.

Halafu, mwaka 2023, jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya takriban mwaka 1250 na 1800, Kusimba akiwa miongoni mwa watafiti. Kwa wengi wao, nusu au zaidi ya nasaba ilitoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa upande wa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Uajemi, hasa upande wa baba. Kuchanganyika kwenyewe kulianza karibu mwaka 1000. Simulizi za Washirazi kwamba mababu zao walitoka Uajemi, ambazo wasomi walikuwa wamezigeuza kuwa hadithi tu za kujikweza, zikapata wasikilizaji upya. Yaani kamusi iliyokuwa sahihi kabisa mwaka 2000 sasa inahitaji aya ya ziada. Na inayosema bado kwamba Waarabu walijenga miji hii kwenye mwambao mtupu haihitaji aya. Iwekwe mahali pa wanaotafiti historia ya makosa.

Watu wasiokuwepo

Je, wajua kwamba kamusi moja ya Marekani ya wasifu wa watu mashuhuri ilijaa watu ambao hawakuwahi kuzaliwa? Appleton's Cyclopaedia ilitoka kati ya 1887 na 1889, ikaaminiwa kwa miaka thelathini. Mwaka 1919 mtaalamu wa mimea, John Hendley Barnhart, alitangaza kwamba 14 kati ya wanabotania waliotajwa humo ni wa kubuni. Waliofuata nyayo zake walihesabu karibu 200 kwa jumla. Inaaminika waandishi walikuwa wakilipwa kulingana na walichoandika, na njaa ikafanya kazi yake. Angalia aliyeigundua kasoro: hakuwa mhakiki wa ensaiklopidia, alikuwa mtu wa mimea aliyefungua kurasa za fani yake mwenyewe.

Mwaka 1963 na ugomvi wenye faida

Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alisema katika mihadhara yake kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa isipokuwa ile ya Wazungu walioifikia. Mwaka huohuo mashine za uchapishaji za chuo chake mwenyewe zilitoa juzuu ya kwanza ya History of East Africa, chini ya uhariri wa Roland Oliver na Gervase Mathew. Inaelekea hakupitia duka la vitabu.

Mwaka uliofuata UNESCO iliamua Waafrika waongoze kazi ya kuandika historia ya bara zima. Juzuu nane zilichukua hadi 1993 kukamilika, na mbili kati yake zilihaririwa na Wakenya: Ogot juzuu ya tano, Ali Mazrui wa Mombasa ya nane. Lipo pia toleo fupi la Kiswahili. Wakati huohuo Cambridge ilitoa juzuu zake nane, 1975 hadi 1986, chini ya Waingereza J. D. Fage na Roland Oliver yuleyule.

Anayeulizwa achague moja anaulizwa vibaya. Fungua juzuu ya pili ya UNESCO, sura ya Cheikh Anta Diop juu ya asili ya Wamisri wa kale. Mhariri wa juzuu ameweka maelezo kwamba si wataalamu wote waliokubaliana na hoja za Diop, na mwishoni mwa sura imewekwa ripoti ya mkutano wa Cairo wa 1974 ambako walibishana uso kwa uso. Ni nadra kitabu cha marejeleo kuanika ugomvi wa wenye nyumba namna hiyo, na kwa maoni yangu ndiyo sababu tosha ya kukinunua.

Mtihani wa mezani

Utafiti wa Allen Kent katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, uliochapishwa 1979, uligundua kwamba takriban asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuazimwa hata mara moja katika miaka sita ya kwanza. Vitabu vya marejeleo haviazimwi kabisa, kwa hiyo hesabu ya namna hiyo haivioni. Ndiyo maana ya ule ubao wa maktaba unaokuomba usirudishe kitabu rafuni: mhudumu anayepita kukusanya vilivyoachwa mezani anaweza kuvihesabu, na hesabu hiyo ikawa kura yako. Mwanafunzi mwenye adabu anayerudisha kitabu mwenyewe huenda anakisaidia kifukuzwe.

Na kabla ya kukifukuza, kumbuka Encyclopaedia Britannica, iliyotangaza mwaka 2012 kwamba juzuu 32 za 2010 zilikuwa za mwisho kuchapishwa kwa karatasi. Makala ya mtandaoni hurekebishwa, na ya jana mara nyingi haionekani tena. Kitabu cha karatasi hakiwezi kukana kilichosema. Ogot wa 1981 na abaki rafuni, kando ya toleo la 2014.

Wanaokutana nje

Kila siku umati hupeana miadi mbele ya jengo la Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1906 kwa ajili ya benki, na ndani yake mna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, ukiwa na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900. Hatua chache kutoka hapo, Banda Street, simba wa mawe wanalinda Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931 kwa Wazungu peke yao na kubaki hivyo hadi miaka michache kabla ya Uhuru. Ina hata sheria yake yenyewe ya bunge. Tangu 2017 shirika la Book Bunk limeshughulika kuifufua. Rafu zake za zamani zinaonyesha walowezi walitaka kusoma nini kuhusu nchi hii, na hasa nini hawakutaka.

Kabla ya kutoka, geuza ukurasa wa jina la kitabu uangalie namba ya ISBN. Ikianza na 978-9966 au 978-9914, mchapishaji amesajiliwa Kenya. 9970 ni Uganda, 9976 na 9987 ni Tanzania. Haisemi kitabu ni kizuri. Inasema tu kilipikwa wapi, na mkutubi anayekuta rafu nzima ya historia ya Kenya haina hata 9966 moja ana swali la kujiuliza.

Maana wapo wanaovitafuta vitabu vya 9966 kwa bidii. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi yake Nairobi mwaka 1966, na leo imo katika ubalozi ulioko Gigiri. Hununua vitabu, magazeti na vijitabu kutoka nchi nyingi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kisha huvipeleka Washington na kwa vyuo vikuu kadhaa vya Marekani vinavyochangia gharama. Historia ya kanisa la kijijini kwenu, iliyochapishwa River Road, inaweza kupatikana kule kabla ya kupatikana University Way, kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi. Basi ukichapisha historia ya ukoo, ya shule au ya mtaa wako, chukua nakala kwa mkono wako mwenyewe uipeleke Maktaba ya Taifa kule Upper Hill, na nyingine katika chuo kikuu kilicho karibu nawe. Na udai risiti.