Matunzo ya Wazee Makaoni: Mkaguzi Hutazama Nini, Mwananchi Aulize Nini

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza katika makazi ya wazee hutazama majengo: kama kuta zimepakwa rangi, kama uwanja umefagiwa, kama vitanda vina vyandarua. Ofisa anayeijua kazi ya ukaguzi huanza pengine. Humwomba ruhusa mzee asiyeweza kuinuka, akaifunua shuka upande wa miguu na kutazama visigino. Kisha humwomba muuguzi amsaidie kumlaza mzee ubavu ili aone sehemu ya chini ya mgongo, karibu na makalio. Kwa dakika hizo chache huwa amejifunza mengi ambayo taarifa ya maandishi isingemweleza.

Anachotafuta ni vidonda vya mgandamizo, ambavyo wengi huviita vidonda vya kulalia. Mtu asiyeweza kujigeuza huukandamiza mwili kwa uzito wake mwenyewe. Damu haifiki mahali palipokandamizwa, na nyama ya hapo huanza kufa. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kuanza ndani ya saa chache, kikachukua miezi kupona, na kwa mzee dhaifu kinaweza kuwa njia ya vimelea kuingia katika damu na kumwua. Kinga yake si ya gharama kubwa, ila yataka watu: kumgeuza mgonjwa takribani kila saa mbili, mchana na usiku, kumweka mkavu na kumlisha vizuri. Mara nyingi husemwa kwamba dalili ya kwanza ni wekundu wa ngozi. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na ndiyo maana mhudumu mwenye ujuzi hupitisha mgongo wa mkono wake akitafuta mahali penye joto kuliko pengine, pagumu au patepetevu, au panapomfanya mzee ashtuke anapoguswa.

Jambo hili lina uzito wa pekee hapa nchini kwa kuwa yapo makazi yenye historia ya kuwahifadhi watu waliougua ukoma. Dawa huviua vimelea vya ukoma, lakini haiirudishi mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika. Mzee wa namna hiyo anaweza kutembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu asihisi chochote. Kwake yeye, kukaguliwa nyayo kila jioni ni sehemu ya matunzo sawa na chakula.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, inaiweka familia mbele katika kumtunza mzee na kuyafanya makazi kuwa hatua ya mwisho. Makazi ya Serikali, kama vile Nunge kule Kigamboni, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto mkoani Shinyanga na Njoro mkoani Kilimanjaro, hupokea wazee wasiojiweza wasio na ndugu wa kuwatunza. Yapo pia makazi yanayoendeshwa na taasisi za dini na mashirika ya hiari. Mwananchi anapaswa kuitafakari maana ya utaratibu huu. Mzee mwenye watoto, hata akilazwa mbali na nyumbani, ana watu watakaofika Jumapili na kuuliza kwa nini amekonda. Mzee aliyefukuzwa kijijini kwa tuhuma za uchawi, balaa lililowaangukia bibi wengi wa Kanda ya Ziwa kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, hana mtu huyo. Asiyetembelewa na ndugu humtegemea mkaguzi peke yake, na mkaguzi huja na kuondoka.

Kwa hiyo viwango vya matunzo si hisani ya mwenye makazi. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaja haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ibara ya 12 inasema juu ya heshima na utu wa kila mtu. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wazee, zilizopitishwa mwaka 1991, zinaeleza kwamba mzee anayeishi katika makao ya matunzo habaki mlangoni na haki zake: heshima yake, imani yake, faragha yake na uamuzi wake juu ya matunzo anayopewa huingia naye. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, nayo inataka kuishi makaoni kuwe kwa hiari na kwa gharama inayomudika, na matunzo yafikie viwango vya chini vilivyowekwa na taifa.

Maneno hayo ni mazuri. Kazi huwa ngumu inapobidi kuyageuza kuwa mambo yanayoweza kupimwa saa nane za usiku.

Maji ni mfano mzuri. Kadiri umri unavyosonga mbele, hisia ya kiu hupungua. Mzee anaweza kuishiwa maji mwilini bila kuomba hata kikombe. Mahali penye wahudumu wachache huzuka tabia ya kuwanyima wazee maji kuanzia alasiri ili matandiko yasilowane usiku. Hakuna anayeiandika tabia hiyo popote, na anayeifanya mara nyingi haoni kwamba ni ukatili, kwa kuwa asubuhi ana shuka thelathini za kufua kwa mkono. Hata hivyo, mzee aliyenyimwa maji huchanganyikiwa, huziba choo, huugua njia ya mkojo na hudondoka anapojaribu kusimama. Mgeni anayefika jioni atazame kama kikombe kipo, kama kina maji, na kama mkono wa mzee unakifikia. Kikombe kilichowekwa juu ya kabati upande wa pili wa chumba ni sawa na kutokuwapo.

Chakula hupimwa kwa mizani. Makazi yenye utaratibu humpima kila mzee uzito walau mara moja kwa mwezi na kuuandika. Mzee wa kilo 60 akipungua kilo 3 katika mwezi mmoja bila kukusudia, hilo ni jambo la kumwita mganga, wala halimalizwi kwa kusema kuwa wazee hukonda. Pengine meno yamekwisha na ugali hautafuniki. Pengine mikono inatetemeka na sahani huondolewa kabla hajafika nusu.

Daftari la dawa nalo husema mengi kwa anayejua kulisoma. Dawa za shinikizo la damu na kisukari hutakiwa kuandikwa saa zinapotolewa, na anayezitoa atie saini. Daftari ambalo tiki zote za mwezi mzima zimewekwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila kosa wala siku ambayo mzee alikataa dawa, huenda liliandikwa kwa mkao mmoja. Vivyo hivyo, mzee anayesinzia mchana kutwa anastahili kuulizwa habari zake: amepewa dawa gani, na nani aliyeiagiza? Kumfunga mtu kitandani au kumlewesha kwa dawa ili zamu ipite kwa utulivu si matunzo, hata kama ana ugonjwa wa kusahau na hutangatanga.

Lipo pia suala la lugha, ambalo husahauliwa. Wazee wengi walikulia katika lugha za mama, na wapo ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu. Mkaguzi akimhoji mzee kupitia mhudumu yule yule anayemlisha na kumwogesha, hawezi kutarajia kusikia lalamiko. Mahojiano yafaayo hufanyika faraghani, kwa mkalimani asiye mtumishi wa makazi. Mjumbe wa Baraza la Wazee la kata anayeijua lugha hiyo anaweza kuifanya kazi hii vizuri.

Fedha na mali za mzee zinahitaji macho ya namna hiyo hiyo. Anayepokea pensheni, au aliyeacha shamba, asiwekewe karatasi ya kubonyeza dole gumba bila kusomewa yaliyoandikwa mbele ya shahidi asiye na maslahi.

Familia inayotafuta makazi ya binafsi hupenda kuonyeshwa hati ya usajili, na ni haki yao kuiomba. Taasisi nyingi za hiari husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002. Hati hiyo huthibitisha kuwa shirika lipo kisheria. Haithibitishi kuwa mzee aligeuzwa usiku. Kwa hiyo familia iulize zaidi: usiku hulala wahudumu wangapi zamu, na kwa wazee wangapi? Mzee akiugua ghafla hupelekwa kituo gani cha afya, kwa usafiri gani? Ndugu wanaruhusiwa kufika bila kutoa taarifa? Makazi yanayopokea wageni kwa miadi tu yanapaswa kueleza sababu.

Wananchi wengi huyafahamu makazi kupitia misaada ya sikukuu. Sukari, sabuni na mchele hupokewa kwa shukrani. Ingefaa, hata hivyo, kumpigia simu mfawidhi kabla ya kununua, kwa kuwa mara nyingi kilichopungua ni glovu, nepi za watu wazima au mipira ya kutandika juu ya magodoro. Na picha ya mzee akipokea mfuko wa unga ipigwe kwa idhini yake. Wapo wasiopenda wanafunzi wao wa zamani wawaone katika hali hiyo.

Mwananchi aliyeona jambo lisilo sawa aanze kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, au kwa Mtendaji wa Kata ambaye atamfikishia. Taarifa yenye nguvu hutaja tarehe, saa, chumba na kilichoonekana kwa macho, ikikiacha kando kilichodhaniwa. “Jumanne saa kumi na moja jioni, mzee wa kitanda cha tatu alikuwa amelowa na hakuna mhudumu aliyefika hadi saa moja usiku” ni taarifa inayoweza kufuatiliwa. “Wazee wanateswa” haina pa kuanzia. Mtoa taarifa anaweza kuomba jina lake lisitajwe mbele ya watumishi wa makazi. Dalili za kipigo, ubakaji au wizi ni jinai. Hizo zipelekwe polisi bila kusubiri ukaguzi.

Ni kweli kwamba upungufu mwingi hutokana na uhaba wa watumishi kuliko roho mbaya, na mhudumu anayetaja uhaba huo anasaidia, hivyo asiadhibiwe kwa kusema. Lakini kidonda hakitofautishi kati ya uzembe na uhaba, kwa hiyo vyote viwili huandikwa katika taarifa ya ukaguzi, pamoja na muda wa kurekebisha na jina la anayewajibika. Baada ya muda huo mkaguzi hurudi bila kutoa taarifa, kwenye kitanda kile kile, na huanza tena na visigino.