Uvira: Umeme ukikatika, muziki unahamia kwenye tableti

Jioni umeme unapokatika upande wa Mulongwe, kinanda cha korali ndicho cha kwanza kunyamaza. Spika zinafuata. Waimbaji wanaendelea kwa sauti na ngoma, na mpiga kinanda anabaki amekaa, mikono mapajani. Zamani habari iliishia hapo. Siku hizi anaweza kutoa tableti kwenye begi, akachomeka spika ndogo ya batri, na mazoezi yakaendelea.

Si kila anayeshika tableti hiyo anaota kuwa Fally Ipupa. Kuna mwalimu, kuna motari, kuna mama muuza ndagala, watu wanaotaka tu kutunga wimbo wa arusi ya dada yao au kupoteza mawazo baada ya kazi. Kwao, saa moja ya studio ni pesa ya chakula cha nyumbani. Programu ya tableti haiulizi saa ngapi umeingia.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 2010 Mwingereza Damon Albarn wa kundi la Gorillaz alitengeneza sehemu kubwa ya albamu ya The Fall kwenye iPad, akiwa safarini Marekani. Mwaka uliofuata alikuja Kinshasa pamoja na watengenezaji wengine wa muziki, wakafanya kazi na wasanii wa Kongo hadi ikatoka albamu ya Kinshasa One Two. Mwaka huo huo wa 2011 Apple ilileta GarageBand kwenye iPad: piano, gitaa, ngoma na mashine ya kurekodi, vyote nyuma ya kioo kimoja.

Lakini iPad ni ya wachache huku kwetu. Wengi wana Android ya bei nafuu, na hapo majina ni mengine. FL Studio Mobile, kazi ya kampuni ya Ubelgiji Image-Line, inalipiwa mara moja na haihitaji intaneti kila unapoifungua. BandLab ni ya bure, ila inapenda kuhifadhi nyimbo zako mbali, kwenye mtandao. Mega zikiisha katikati ya kazi, utaijua tabia yake. Ushauri wangu: wimbo ukishakamilika, ushushe kwenye kadi siku hiyo hiyo.

Kuna kero moja ambayo wauzaji hawaisemi. Kwenye tableti nyingi za bei nafuu, ukigusa kioo sauti inatoka ikiwa imechelewa kidogo. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini kwa mpiga ngoma inatosha kuharibu kila kitu: mkono uko mbele, sikio liko nyuma. Ekuteri zisizo na waya zinazidisha ucheleweshaji huo. Tumia za waya. Na kama bado ni shida, usipige ngoma kwa kidole, ziandike moja moja kwenye mistari ya programu, halafu uache mashine izicheze.

Kwa anayechoka na kioo, kuna vyombo vidogo vyenye vitufe vya kweli. Kampuni ya Korg ya Japani ilitoa familia ya Volca mwaka 2013: vimashine vyenye ukubwa wa kitabu, vinavyotumia betri 6 za kawaida na vyenye spika yao wenyewe. Mwaka 2015 Teenage Engineering ya Sweden ilileta Pocket Operator, inayofanana na kikokoteo kilichovuliwa ganda, betri 2 ndogo, bei dola 59 wakati huo. Usivitafute kwenye maduka ya Kalundu. Kwa kawaida vinafika na ndugu anayetoka Nairobi, Dar es Salaam au Ulaya. Ukikipata, nunua betri za kushariji kwa sola, na usiache betri za bei rahisi ndani kwa miezi. Zikivuja, chombo kimekwisha.

Nani anahitaji vitu vidogo hivi? Muulize aliyekuwa Uvira Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika. Watu walitoka na kile walichoweza kubeba, watoto kwanza. Kinanda cha funguo 61 hakibebwi namna hiyo. Na si maji pekee yanayowakimbiza watu katika mji huu. Kilichomo begini ndicho kinachobaki, ingawa kilichomo begini pia ndicho kinachoibiwa upesi. Nakala ya pili ya nyimbo iwekwe kwa mtu mwingine, ikiwezekana mji mwingine, Baraka au Bujumbura.

Swali gumu zaidi ni la sauti yenyewe. Programu hizi zinakuja na midundo iliyopikwa tayari, na kijana wa Kavimvira akibonyeza vitufe vile vile wanavyobonyeza wa Chicago, wimbo wake utafanana na wa Chicago. Zaidi ya hapo, piano ya tableti imegawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa, kila hatua senti 100. Likembe haijui hesabu hiyo. Fundi wake huvuta ulimi wa chuma mbele au kuurudisha nyuma mpaka sikio lake likubali, na sikio la jirani yake linaweza kukubali kitu kingine.

Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono No. 1, kule Kinshasa, hawakusubiri mashine iwaelewe. Walitengeneza maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari ya zamani, wakaziweka kwenye likembe, na albamu yao ya Congotronics ya 2004 ikazunguka dunia, mingurumo ikiwa ndani yake.

Nilijaribu njia hiyo kwa tableti. BandLab na GarageBand zote zina sehemu ya kurekodi sauti yoyote na kuipiga kwa kidole. Niliazima likembe kwa mzee jirani, nikarekodi ulimi mmoja mmoja usiku, jenereta za mtaa zikiwa zimezimwa. Mara ya kwanza tableti ilifuta mlio wa vipete vya chuma ikidhani ni kelele. Ilinibidi nizime usafishaji wa sauti na nianze upya. Kisha nikafanya kosa: nikazisogeza sauti zote zilingane na piano.

Mzee alisikiliza, akasema hiyo si likembe yake. Nikazirudisha senti zake zote jinsi alivyozipanga yeye. Akasikiliza mara mbili, ekuteri zikiwa sikioni, halafu akaomba nizime ngoma.