Kijana Anapotaka Kusoma Historia ya Sanaa Ulaya

Wazazi wapenzi, ikiwa mwanao amemaliza chuo kikuu, naye anakuambia anataka kwenda Ulaya kusoma historia ya sanaa, utamjibuje? Wengi watasema: "Ada yote tuliyolipa, sasa unakwenda kutazama picha?" Neno hilo si la kudharauliwa, maana limetoka katika jasho. Lakini kabla ya kumkatalia, tujue elimu yenyewe.

Mwenye elimu hiyo huchunguza kazi za mikono ya watu: nani aliyeifanya, lini, kwa ajili ya nani, na kwa nini ikawa hivyo. Tazameni hapa Malindi, Unguja. Mbele ya bahari limesimama jengo la Dispensari ya Zamani, lenye roshani za mbao zilizochongwa. Msingi wake uliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, kwa ukumbusho wa miaka 50 ya Malkia Victoria. Yeye alikufa mwaka 1891, kazi haijakwisha. Karibu yake uko msikiti wenye mnara wa umbo la pia, na mjini liko kanisa letu la Mtakatifu Yosefu lenye minara miwili. Twapita hapo kila siku bila kuuliza neno.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Lakini siku ya Noeli mwaka 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilianguka, na watu wawili wakafa. Ukuta ukianguka fundi ataujenga. Lakini nani atamwambia ulikuwaje?

Tena mfikirieni Lubaina Himid. Alizaliwa Unguja mwaka 1954, baba yake akafa, naye akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga. Mwaka 1984 alipata shahada ya pili ya historia ya utamaduni huko London, na mwaka 2017 akapewa Tuzo ya Turner kwa kazi zake za uchoraji. Hata leo kanga zetu zinaonekana katika kazi zake.

Basi, kijana ajitayarishe hivi.

Kwanza, aujue mji wake. Achukue daftari, azunguke, achore milango, aulize wazee na mafundi seremala. Mwalimu wa ng'ambo atamfundisha habari za Roma. Habari za Unguja atamtazamia yeye.

Pili, fedha. Msiuze shamba la karafuu. Ipo misaada ya masomo, kama ule wa Chevening na ile ya Jumuiya ya Madola. Kuomba Chevening hakulipiwi hata senti; anayewadai pesa ili "awapatie nafasi" ni mwizi. Nao humtaka aliyesaidiwa arudi kwao akae miaka 2, sharti ambalo mzazi yeyote atalifurahia.

Tatu, karatasi. Aanze mwaka mzima mbele: pasipoti, vyeti, barua za walimu wake, mtihani wa Kiingereza, na kwa Uingereza cheti cha kupimwa kifua kikuu. Jina lake liandikwe namna moja katika karatasi zote, maana herufi moja tu huweza kumchelewesha.

Nne, mapatano ya nyumbani. Fedha ya msaada ni ya chakula na chumba chake. Msimwagize kila mwezi alipe ada ya wadogo zake, akaacha masomo kwenda kuosha vyombo usiku. Na wewe kijana, usiwafiche wazazi shida zako, wala usiwaahidi utajiri. Kazi za makumbusho ni chache, na mshahara wake si mkubwa.

Kaeni pamoja, baba, mama na mtoto, myasema haya yote kabla ya safari. Mkikubaliana, mpeni baraka zenu kwa moyo mmoja, aende akijua anakotoka na analorudia.