Altrasaundi ya Mbwa Mwenye Mimba: Inachokiona na Kinachoipita

Moyo wa mtoto wa mbwa aliye tumboni una haraka. Akiwa mzima hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika, mara mbili au tatu ya moyo wa mama yake. Mapigo yakishuka chini ya 180 na kubaki huko, mtoto yumo taabuni. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63 tangu mayai yatoke, na mapigo hayo huanza kuonekana vizuri kwenye altrasaundi karibu na siku ya 25. Daktari amebakiwa na wiki tano tu za kuchungulia.

Mjini Durban wiki hizo tano zina uzito wake. Joto lenye unyevu la pwani ya KwaZulu-Natal huwasumbua mbwa wa pua fupi hata wasipokuwa na mimba, na hao hao ndio wenye uzazi mgumu. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2010 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wa buldogi, buldogi wa Kifaransa na Boston terrier ulikuwa wa upasuaji.

Mbwa hulazwa chali au kiubavu, hunyolewa manyoya ya tumbo na kupakwa jeli, kwa kuwa hewa iliyonasa kwenye manyoya huzuia sauti kupita. Kisha daktari hutelezesha juu ya ngozi kichwa cha mashine, kinachotoa mawimbi ya sauti yenye mitetemo mamilioni kwa sekunde. Sikio la mbwa, kwa ukali wake wote, hukomea mitetemo kama 45,000, kwa hiyo mama mtu hasikii chochote. Maji hayarudishi mwangwi, nayo huonekana meusi kwenye skrini. Mfupa huurudisha kwa nguvu, ukatokea mweupe.

Ndiyo maana kasoro zinazoambatana na maji hujitokeza kuliko nyingine. Iliyo mbaya zaidi kwa buldogi ni ile inayowapa watoto jina la "watoto wa maji". Mwili wa mtoto hujaa maji chini ya ngozi, kifuani na tumboni. Kwenye skrini huonekana ukanda mweusi ukiitenga ngozi na mbavu, na ndani ya kifua mapafu madogo yamezungukwa na weusi huo huo. Mtoto wa namna hii anaweza kuwa mkubwa maradufu ya ndugu zake, na wengi hufa mara wanapozaliwa, ingawa wenye maji kidogo wakati mwingine huokolewa kwa dawa za kukojosha. Akikwama njiani, walio nyuma yake, wazima kabisa, hukosa hewa. Daktari aliyemwona mapema hupanga upasuaji kabla uchungu haujaanza, na anayeokolewa na picha ile mara nyingi ni ndugu mzima wa mgonjwa.

Kichwa kilichojaa maji nacho huonekana, na utumbo uliotokeza nje ya tumbo pia, mradi mkono wa daktari uwe mzoefu. Lakini mpasuko wa kaakaa, ambao mbwa wa pua fupi wanao sana, ni mdogo na umejificha mno. Huo hugunduliwa kwa kufungua kinywa cha kila mtoto anapozaliwa. Wala altrasaundi isitegemewe kuhesabu watoto: hujipanga kwenye pembe mbili za mji wa mimba, wakafichana, na gesi ya utumbo huwafunika. Kuhesabu ni kazi ya eksirei, baada ya siku ya 55, mifupa ikishakomaa.

Kusini mwa Afrika kuna kasoro nyingine inayoipita mashine, na ningependa kila mfugaji aijue. Mbwa aitwaye Rhodesian Ridgeback, ambaye viwango vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922, hutambulikana kwa mstari wa manyoya yaotayo kinyume mgongoni. Baadhi ya watoto wake huzaliwa na kijishimo chembamba kinachotoka kwenye ngozi kuelekea uti wa mgongo, kasoro ya jamii moja na mgongo wazi wa binadamu. Hugunduliwa kwa vidole: siku za kwanza ngozi ya shingo na mgongo huinuliwa taratibu, na penye shimo huhisiwa kama uzi mgumu.

Mwaka 2007 watafiti wa Sweden na wenzao walionyesha kwamba kipande kile kile cha DNA kilichojirudia, kinachouchora mstari, ndicho pia kinachofungua mlango wa kijishimo hicho, na hatari ni kubwa zaidi kwa mbwa aliyekirithi kwa baba na kwa mama. Kumpandisha mwenye mstari kwa asiye nao kungeipunguza. Ila viwango vinamkataa asiye na mstari, na mfugaji atakayefanya hivyo huenda akapata watoto kadhaa asioweza kuwapeleka maonyeshoni. Kwangu mimi hiyo ni hasara ndogo, na viwango ndivyo vinavyopaswa kubadilika.