Mafunzo ya mafundi wa TEHAMA katika afya: Yanapimwaje?

Nesi wa zahanati iliyo mbali na hospitali ya rufaa halazimiki tena kufunga safari kila anapohitaji mafunzo. Anaweza kumsikiliza daktari bingwa kupitia mtandao, akauliza maswali, kisha akarejea kwa wagonjwa wake. Njia hii si ngeni nchini. Mwaka wa 2005, shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo ya kielektroniki ya kuwawezesha wauguzi wenye cheti kupata diploma wakiendelea na kazi.

Hata hivyo, masomo hayo yanamtegemea mtu ambaye mgonjwa hamwoni. Huyo ni fundi wa TEHAMA, anayeunganisha vituo, anayehakikisha sauti inasikika na anayejua la kufanya mtandao unapokatika. Chini ya Katiba ya 2010, hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati husimamiwa na serikali za kaunti. Fedha za umma zinapotumiwa kuwafunza mafundi hawa, mkazi ana haki ya kujua kama mafunzo yamefaa.

Kwa nini jambo hili ni zito

Chukua mfano wa mama kuvuja damu baada ya kujifungua. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka wa 2023, ulichunguza utaratibu wa kukusanya damu kwenye plastiki maalumu yenye alama za kipimo, kisha kutoa matibabu yote kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe. Visa vya kuvuja damu nyingi, upasuaji wa kuizuia au kifo kutokana nayo vilipungua kwa asilimia 60 kwa jumla.

Utaratibu kama huo unaweza kuelezwa kwa njia ya mtandao. Lakini picha ikiganda wakati mwalimu anaonyesha alama za kipimo, nesi atahesabiwa kuwa amehudhuria ilhali hakuona kilicho muhimu. Gharama ya kosa hilo itamwangukia mama atakayejifungua usiku katika zahanati hiyo.

Ngazi nne za kupima

Wataalamu wengi hutumia mpango wa ngazi nne uliotolewa na Donald Kirkpatrick wa Marekani mwaka wa 1959.

1. Maoni ya waliofunzwa. Mafundi hujaza fomu kueleza kama mafunzo yalieleweka na yanahusiana na kazi yao. Ngazi hii ni rahisi, lakini peke yake haitoshi. Mtu anaweza kufurahia warsha na asijue kurekebisha kinasa sauti.

2. Ujuzi uliopatikana. Mtihani mmoja hutolewa kabla na baada ya mafunzo, ili tofauti ionekane. Jaribio la vitendo ni bora zaidi: mtahini huchomoa waya au kupunguza kasi ya intaneti, kisha humtazama fundi akitafuta chanzo cha tatizo.

3. Mabadiliko kazini. Baada ya miezi kadhaa, fundi hutembelewa kituoni. Je, hujaribu sauti na picha kabla ya somo kuanza? Mtandao ukiwa dhaifu, huzima video ili sauti ibaki? Huwatumia wahudumu somo mapema? Na je, hulinda siri za wagonjwa wanaojadiliwa, kama Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inavyotaka?

4. Matokeo. Hapa huhesabiwa dakika zilizopotea kwa hitilafu, vituo vilivyojiunga na vilivyobaki hadi mwisho, na alama za wahudumu baada ya somo.

Tahadhari katika kusoma matokeo

Somo likikatika, si lazima fundi awe na kosa. Huenda umeme ulipotea, au data iliisha kwa sababu haikulipiwa. Kwa hivyo kila kituo kinahitaji daftari la hitilafu linalotaja chanzo: umeme, mtandao, kifaa au utendaji. Daftari likionyesha kwamba masomo mengi hukatizwa na umeme, warsha nyingine haitasaidia. Kinachohitajika ni betri ya akiba.

Vilevile, hesabu za baada ya mafunzo hazina maana bila za awali. Kumbukumbu zianze kuwekwa kabla ya mafunzo. Inapowezekana, vituo ambavyo mafundi wake wamefunzwa vilinganishwe na vile ambavyo bado, kwani mtandao unaweza kuwa umeimarika kwa wote kwa sababu nyingine.

Mkazi anaweza kuuliza nini?

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, wakazi wanaweza kuuliza:

• Mafundi wangapi wamefunzwa, na wako vituo vipi?
• Walipimwa kwa vitendo au kwa fomu pekee?
• Ni nani aliyewatembelea kazini baadaye, na aligundua nini?
• Je, masomo yanayokatika yamepungua?

Orodha ya waliohudhuria warsha huonyesha tu kwamba fedha zilitumika. Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayoonyesha kama somo lilimfikia nesi wa zahanati.