Kitabu cha Pili cha Programu

Vijana wengi wa Moshi wanaojifunza kuandika programu hukwama mahali pamoja. Kijana amemaliza Think Python cha Allen Downey, kinachopatikana bure mtandaoni. Kisha anatafuta kitabu kingine cha wanaoanza, na kingine tena, vyote vikimfundisha yaleyale. Ushauri wangu ni atafute kwanza tatizo linalokishinda kitabu alichomaliza.

Hapa Rau lipo. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, hutegemea mito ya Rau na Njoro. Mpunga ulipoonekana kulipa, wakulima walio juu ya mabanio nao wakaulima, na maji ya kushuka skimuni yakapungua. Maji yakipungua, zamu ndiyo kila kitu.

Tuseme mfereji mmoja una zamu 1,000 kwa msimu, kila moja na saa ya kuanza na ya kumaliza. Je, kuna zinazogongana? Aliyeishia kitabu cha kwanza atalinganisha kila zamu na nyingine zote: mara 499,500. Jibu litakuwa sahihi, na kompyuta itamaliza upesi. Lakini zamu zikifika 100,000, ulinganisho unakaribia bilioni 5. Sasa zipange kwanza kwa saa ya kuanza. Kwa zile 1,000, kupanga huchukua hatua kama 10,000. Kisha kila zamu inalinganishwa na inayoifuata tu, basi.

Aliyeliona hilo kwa programu yake mwenyewe ndiye aliye tayari kwa Introduction to Algorithms, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990. Ni kitabu kizito, zaidi ya kurasa 1,000, na hesabu za logi za sekondari zinarudi humo. Nakisihi kizazi hiki kisikiogope, wala kisikisome mfululizo. Anza na sura za kupanga, andika kila njia kwa mkono wako, pima muda, ongeza data, pima tena. Fluent Python cha Luciano Ramalho, Mbrazili, kinafaa pia, ila chenyewe huchimba lugha ya Python zaidi kuliko matatizo. Kisubiri zamu yake.

Halafu unganisha mifereji yote, mmoja ukilisha mwingine kutoka banioni. Kupanga kwa saa hakutatosha tena, na hapo utazihitaji sura za grafu.